Milimita Mbili za Mang Dante

Jumanne, Guangzhou. Manyunyu tangu asubuhi, joto la kunata, na mto una rangi ya chai ya maziwa.

Nimeoga mara mbili na kucha zangu bado nyeusi kwa grisi, wala sijali. Nimekaa kwenye chumba cha kulia cha mabaharia na chai mbele yangu, lakini kutulia kumenishinda. Naandika sentensi moja, nainuka, nachungulia dirishani, narudi. Tangu nipande meli hii miezi saba iliyopita sijapata siku njema kama ya leo, na nataka kuiandika kabla haijapoa.

Kwa mnaofika hapa mara ya kwanza: naitwa Zuhura, mtu wa Tanga, injinia wa nne kwenye meli ya mizigo iliyonizidi umri kwa mwaka mmoja. Mimi nina ishirini na minane. Humu tuko watu kumi na tisa, wengi Wafilipino, na mwanamke ni mimi peke yangu. Tumefunga gati hapa bandari ya Huangpu tangu Ijumaa.

Ila leo siandiki habari zangu. Naandika habari za Dante, fundi wetu wa chuma.

Tunamwita Mang Dante. Hilo "Mang" ni la kwao, kama sisi tunavyomwita Mzee mtu aliyetuzidi umri. Ana miaka hamsini na sita, mfupi, mabega mapana, tambara shingoni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Huamka saa kumi na moja alfajiri kabla ya kengele, hunywa kahawa nyeusi amesimama, kisha hushuka chumba cha injini na kuanza kuzunguka. Hashiki tochi. Huweka kiganja juu ya bomba, akangoja, akaenda bomba la pili. Mwanzoni nilidhani anasali.

Siku moja nikamwuliza anatafuta nini. Akasema, "Bomba linalotaka kutoboka hutetemeka vingine. Weka mkono." Nikaweka. Sikusikia kitu. Akacheka, akaendelea na safari yake.

Meli kuukuu haikupi siku ya kupumzika. Tukiziba tundu upande huu, kutu inakula upande ule. Asubuhi kikao kifupi na Sekondi, yaani injinia wa pili, anagawa kazi: leo kufungua mashine ya kuchuja mafuta, leo kubadilisha vali, leo kuchomelea bomba la maji ya bahari ambalo limeshachomelewa mpaka halina tena chuma cha asili. Kazi zote za kuchomelea, kukata na kukereza ni za Mang Dante. Joto huko chini hukaribia la kwenye tanuri la mkate. Saa nne tunapanda kunywa chai, ovaroli zimegandana na mgongo, yeye anakula wali na samaki mkavu wa kukaanga ambaye harufu yake inafika hadi chumba cha nahodha. Kisha tunashuka tena. Jumapili jioni anaimba karaoke, nyimbo za mapenzi tu, na anaziimba akiwa amefumba macho.

Nyimbo zote hizo anamwimbia mkewe, Luz.

Luz naye ni baharia. Anafanya kazi ya usafi wa vyumba kwenye meli ya watalii, mabara mengine kabisa. Kwa miaka minne mikataba yao imekuwa ikipishana. Yeye akirudi kwao kisiwani Panay, mume yuko baharini. Mume akirudi, mke ameshaondoka. Mara ya mwisho kuonana ilikuwa uwanja wa ndege wa Manila, miaka miwili iliyopita: mmoja anaingia, mwingine anatoka. Walikaa kwenye mkahawa saa moja na nusu. Mang Dante aliniambia kwamba hawakuzungumza chochote cha maana. Walizungumza habari za paa linalovuja.

Safari hii, kwa mara ya kwanza, likizo zao zimeangukia pamoja. Siku ishirini na mbili, kuanzia kesho. Tiketi yake ya ndege ilikuwa ya leo usiku. Kwa wiki tatu nzima hakuna mtu humu melini ambaye hakuambiwa habari za hizo siku ishirini na mbili. Mpishi alikuwa akimwona tu anakuja, anasema, "Ishirini na mbili, nimesikia."

Ndipo Jumamosi pampu ikatuvunja moyo.

Kila meli lazima iwe na pampu ya dharura ya kuzima moto, iliyo mbali na chumba cha injini, ili injini ikiungua bado pawe na maji. Ya kwetu iko mbele kabisa, chini ya sitaha, kwenye kichumba ambacho ukiingia unainama. Jumamosi tuliijaribu kwa sababu mkaguzi wa vyeti alikuwa anakuja Jumanne. Ikawaka. Maji yakaanza kwenda. Halafu yakaanza kumwagika kutoka kwenye shafti, ule mhimili unaoizungusha pampu, kwanza matone, kisha kama bomba la mtaani lililopasuka. Sili, ile pete inayozuia maji yasitoke pale shafti inapozunguka, ilikuwa imekwisha.

Sekondi akaenda stoo, akarudi na boksi lenye sili mpya. Tukalifungua. Namba juu ya boksi ilikuwa sahihi, kilichomo kilikuwa cha pampu nyingine kabisa.

Wakala wa meli akapigiwa simu. Akajibu kwamba pampu ile ni ya zamani, sili itaagizwa, na itachukua siku kumi.

Nahodha wetu si mtu mbaya. Alimwita Mang Dante ofisini, na kwa kuwa Sekondi nami tulikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. "Fundi mpya anafika Jumanne," alisema, "lakini haijui meli hii. Pampu isipopita, hatuondoki. Na meli ikizuiwa hapa, siwezi kukuachia mpaka itengemae. Samahani sana."

Mang Dante akasema, "Ndiyo, Kepteni." Akatoka.

Nilimkuta baadaye karakana, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sili iliyoharibika mkononi. Hakuwa analia. Alikuwa anaigeuzageuza tu. Hesabu ilikuwa wazi: siku kumi kutoka kwenye ishirini na mbili.

Hapo ndipo nilipomkumbuka dada Salma.

Dada Salma ni mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayeishi huku mwaka wa sita sasa. Nilikutana naye safari iliyopita kwenye mgahawa mmoja wa mtaa wa Xiaobei, nilipokwenda kutafuta wali wa nazi na mtu wa kuongea naye Kiswahili. Anapeleka Kariakoo pampu za maji za wakulima, pamoja na vipuri vyake. Nikampelekea picha ya sili pamoja na vipimo. Jibu lilikuja kwa sauti, akiwa sokoni, kelele nyuma yake: "Mdogo wangu, hii si kitu kigeni. Njoo nayo Jumatatu asubuhi. Uje na huyo fundi wako, maana mimi najua kununua, sijui kufunga."

Jana asubuhi tukatoka. Sekondi alitupa ruhusa mpaka saa saba mchana. Ndani ya metro Mang Dante alikaa wima, mfuko wenye sili na kifuniko cha pampu inamokaa ameukumbatia kifuani. Kifuniko kile kina uzito wa mtoto mchanga, na alikataa katakata nimpokee.

Dada Salma alitusubiri Xiaobei nje ya kituo, dera la maua, raba nyeupe, simu mbili mkononi. Akamwamkia Mang Dante kwa Kiingereza, kisha akanigeukia. "Huyu baba ana haraka," akasema. "Inaonekana usoni. Mwambie akifika dukani asionyeshe. Hapa ukionyesha haraka umekwisha."

Akatupakia teksi mpaka ng'ambo ya mto, kwenye mtaa ambao sikujua kama upo. Maduka yamebanana pande zote mbili, kila moja halizidi upana wa kitanda, na yote yamejaa beringi, mikanda, pete za mpira, pampu zilizopangwa mpaka njiani. Moyo ulinienda mbio kama niko harusini. Mang Dante naye alisahau maelekezo yote. Alikuwa anasimama kila duka, anagusa vitu, anatikisa kichwa kwa furaha.

Duka la kwanza, mei you. Hakuna. La pili, mei you. La tatu mwenye duka hakuinua hata macho kutoka kwenye bakuli lake la tambi.

Duka la nne lilikuwa la mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba. Dada Salma akamwita laoban, bosi, wakapigishana Kichina kwa kasi. Mama akaitazama sili yetu. "Mei you," akasema. Dada Salma akaanza kugeuka. Mang Dante hakugeuka. Alitoa kifuniko kwenye mfuko, akakiweka taratibu juu ya kaunta, akaitumbukiza sili kuukuu mahali pake, akaizungusha kwa kidole kumwonyesha inavyokaa.

Yule mama akavaa miwani. Akakivuta kifuniko karibu. Akapitisha kidole ndani ya tundu, vile vile anavyofanya Mang Dante na mabomba yake. Kisha akapanda ngazi, akavuta droo ya juu kabisa, akashuka na kiboksi chenye vumbi.

Tundu la katikati la sili iliyokuwamo lilikuwa sawasawa na shafti yetu. Lakini upande wa nje ilikuwa kubwa kuliko nafasi yake kwenye kifuniko. Akapima, akatuonyesha kwa vidole viwili: milimita mbili.

"Anasema ndiyo iliyobaki, na haitaingia," dada Salma akatafsiri.

"Itaingia," akasema Mang Dante. "Tutapanua kifuniko."

Dada Salma alikataa nimlipie nauli ya teksi. Aliniambia nikifika Tanga nimpelekee mama yake mzazi salamu, anakaa Ngamiani, na nisisahau kumjulisha kama maji yametoka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimezunguka nalo tangu nianze kuandika.

Kupanua tundu la kifuniko ni kazi ya mashine ya kukereza. Kifuniko kinafungwa, kinazunguka, na kisu kinakula chuma kidogo kidogo kutoka ndani. Kisu kikila kidogo, sili haiingii. Kikila zaidi, sili inalegea, maji yanavuja, na kifuniko kingine hatuna. Tulirudi saa sita na nusu, tukala tumesimama, tukaenda karakana. Mang Dante akafunga kifuniko kwenye mashine. Akaiwasha, akainama, akaangalia alama za kipimo. Akainama zaidi. Akazima.

Akafunga mlango wa karakana.

"Anak," akaniambia. Ndivyo anavyoniita, mwanangu. "Sizioni hizi alama. Kama mwaka sasa. Kazi kubwa nafanya kwa mkono, kwa kuzoea. Hii haifanyiki kwa kuzoea."

Nilibaki nimemkodolea macho. Mtu anayejua bomba kwa kiganja.

"Fanya wewe," akasema. "Mimi nitasimama hapa."

Na mimi, wasomaji wangu, nina langu ambalo mpaka jana sikuwahi kumwambia mtu. Naiogopa mashine ya kukereza. Chuoni, mwaka wa pili, nilifunga chuma vibaya kikaruka, kikapita karibu na sikio langu na kuvunja kioo cha dirisha. Tangu siku hiyo kila ilipotokea kazi ya kukereza nilikuwa na udhuru. Nikitakiwa niseme uwezo wangu, nasema naijua. Humu melini miezi saba nimejificha nyuma ya Mang Dante, na yeye, kumbe, mwaka mzima alikuwa amejificha nyuma ya mazoea.

Nikamwambia. Yote, pamoja na dirisha.

Hakunicheka. Aliangalia alivyofunga kifuniko, akakifungua, akanipa. "Kifunge wewe mwenyewe," akasema. "Ukikifunga wewe, utakiamini."

Nikakifunga. Nikakagua mara tatu. Nikasema bismillah, yeye akafanya ishara ya msalaba, nikawasha.

Siwezi kueleza vizuri zile saa mbili. Nilikuwa nakata chuma chembamba kama unyoya, nazima, napima, nawasha. Jasho likawa linanidondokea machoni, naye ananipangusa kwa tambara lake kama daktari wa upasuaji anavyopanguswa. Alisimama amefumba macho na kiganja juu ya mashine, ananipa habari. "Kinakula vizuri. Endelea. Sasa kinalalamika, punguza." Mimi nasoma namba kwa sauti, yeye anasikiliza chuma. Ilipobaki unyoya wa mwisho nikazima, nikatoka nje, nikapumua hewa ya mto, nikarudi.

Unyoya wa mwisho.

Nikaichukua sili, nikaiweka mdomoni mwa tundu, nikasukuma kwa dole gumba. Ikaingia taratibu, kwa ugumu ule hasa unaotakiwa. Mang Dante akaipapasa kwa kidole, mzunguko mzima. Akafumbua macho.

"Kaa ukijua," akasema, "mimi nisingeweza kuifanya hivi."

Tulifunga pampu jua likiwa bado halijazama. Ikawaka mara ya kwanza. Nikaingiza kichwa kwenye kile kichumba, tochi kwenye shafti, nikangoja tone. Nikahesabu mpaka mia tatu. Hakuna tone.

Leo saa tatu mkaguzi akaja, mtu mkimya, koti la mvua na viatu safi. Alikagua maboya, akakagua milango, akaandika, hakutabasamu hata mara moja. Kisha akasema, "Pampu ya dharura." Mabaharia wawili wakashika mipira ya maji sitahani. Sekondi, ambaye hakujua habari za karakana, akamtazama Mang Dante. Mang Dante akanitazama mimi. "Yeye ndiye ataiwasha," akasema.

Nikashuka. Nikawasha. Kutoka kule chini sikuona kitu, nilisikia tu kelele za watu juu. Nilipopanda, maji yalikuwa yanaruka kutoka mipira yote miwili, marefu, yanavuka ukingo wa meli na kuangukia mtoni kwa kishindo, manyunyu ya mvua na ya mpira yamechanganyika, kila mtu amelowa, mpishi amesimama mlangoni anapiga sufuria kwa mwiko. Mkaguzi alishuka mwenyewe kuangalia shafti. Akakaa muda. Akapanda. Akaandika neno moja kwenye karatasi yake, na nikaona, kwa mara ya kwanza, anatabasamu.

Kabla Mang Dante hajaondoka, alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Usiku kucha nilikuwa nimelifikiria hilo la macho: niseme, nisiseme. Ukinyamaza, kesho ataumia au ataumiza mtu. Ukisema, umemkatia mtu riziki. Yeye hakuniachia mzigo huo. Alikwenda mwenyewe kwa Sekondi, na akataka niwepo. Akamwambia haoni karibu, na nani aliyekereza kifuniko.

Sekondi alivuta pumzi ndefu. "Nilijua kuhusu macho tangu mwezi wa tatu," akasema. "Nilikuwa nakungoja useme. Nenda kwa daktari wa macho, upate miwani, halafu nipigie simu. Usirudi bila miwani." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe. Udhuru umekwisha."

Saa nane gari la wakala lilikuja na fundi mpya, likaondoka na Mang Dante. Tulimsindikiza kwenye ngazi ya meli wote tuliokuwa hatuna zamu. Boksi lake la zawadi lilifungwa kamba mara nne. Hakuhutubia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ana wasiwasi kitu kimoja tu, kwamba hajui watazungumza nini na Luz siku zote hizo ishirini na mbili. Nikamwambia waanze na paa. Alicheka mpaka ngazi ikatikisika.

Nimemtumia dada Salma ujumbe: maji yametoka. Amejibu kwa vigelegele vya sauti, sekunde ishirini nzima, na mpaka sasa nimevisikiliza mara tano.

Fundi mpya anaitwa Noel. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, macho mazima. Amezunguka chumba cha injini na tochi, amepanda anatikisa kichwa. Aliniuliza kama ni kweli meli hii inatembea. Nikamwambia inatembea. Rubani wa bandari anapanda kesho kututoa mtoni.

Kesho asubuhi kabla ya kikao nimeahidi kumzungusha: vali ipi inafunguka kinyume, bomba lipi lisiguswe kwa nyundo, wapi pa kuweka mkono. Si yote ninayoyajua. Nitaanza na yale niliyoonyeshwa, na mengine tutayasikiliza pamoja.